Kwao Mama, Bila Rangi

Upuuzi wangu mkubwa katika kazi hii nilimfanyia mama yangu mzazi. Nilimpelekea picha ya miembe ya Kwihara nikamwambia ni ya kwao, njia ya Urambo, na ili asinikamate nikaitoa rangi, ikabaki nyeusi na nyeupe. Nalisema mapema, wadogo zangu wa kidato cha kwanza, kabla hamjaanza kuniheshimu.

Maana mimi ni mstaafu. Cheka taratibu, wewe wa nyuma. Nina miaka kumi na saba, ndevu zangu ukitaka kuzihesabu huhitaji kikokotoo, lakini kazi ya picha nimeifanya likizo baada ya likizo tangu nimalize darasa la saba. Studio niliyofanyia imefungwa. Bosi wangu amehamia Kigoma kwa binti yake. Kiinua mgongo changu ni kipande cha kioo chekundu kinachokaa ndani ya soksi. Kama huko si kustaafu, basi sijui nini ni kustaafu. Mwalimu wa klabu ya picha kaniambia niwaandikie machache ya kubandika ukutani kabla sijajifungia na mitihani. "Maarifa, Shija," akasema, "si vichekesho." Nimejitahidi, lakini nimeumbwa hivi.

Mnaijua miembe yetu. Kutoka mjini hapa kwenda Kwihara, na kutoka hapa kuifuata njia ya machweo mpaka Ujiji, imesimama kwa mistari mahali ambapo hata nyumba hakuna. Watu husema wapagazi wa misafara walikula embe wakatupa kokwa, kokwa zikaota, njia ikapata kivuli. Sasa misafara haipo, njia yenyewe mahali pengi imeliwa na mashamba, miembe tu ndiyo haijaambiwa kwamba safari zimekwisha. Ukiitazama haraka inafanana yote, kama nyinyi mkiwa mstarini asubuhi. Hapo ndipo nilipojikwaa: nilidhani mstari mmoja unaweza kushika zamu ya mwingine.

Mama anauza asali hapa Isevya. Anainunua kwa warina, anaichuja kwa kitambaa, anaijaza chupani. Kwao ni kijiji kimoja kabla hujafika Urambo, na nyumba ya babu, baba yake mama, ilikuwa kando kabisa ya njia hiyo ya zamani. Miembe saba ilikuwa mbele ya mlango. Babu alipofariki, kaka yake mama, mjomba Masele, aliamua uwanja wote ulimwe tumbaku. Mama alisimama mbele ya ukoo mzima akasema, "Sitakanyaga tena hapa mpaka wewe mwenyewe uniite." Mjomba hakumwita. Ndio watu wa kwetu hao: mmoja akifunga mlango kwa mdomo, mwingine anaweka komeo kwa shingo. Wakati ninaousimulia, ilikuwa imetimia miaka kumi na miwili.

Basi masika ya mwaka juzi akapita mtu wa huko na habari. Masele anakata miembe. Anataka kuni za bani, kile kibanda wanachokaushia tumbaku kwa moto, na anataka kivuli kiondoke shambani. Mama aliendelea kuchuja. Kitambaa kilikuwa kimeshajaa nta, hakipitishi tena, naye anamimina tu, asali inashuka pembeni mpaka mezani, kutoka mezani mpaka miguuni pake. Mwanamke ambaye mimi nikiangusha tone moja ananiita mfilisi! Nikajua leo hayupo hapa.

Jioni akaniita.

"Shija."

"Naam, mama."

"Wewe si unajidai mpiga picha?"

"Sijidai, mama. Ni mpiga picha."

"Jumamosi nenda kwetu. Nipigie ile miembe kabla haijaisha. Na usimwambie mjomba wako kwamba nimekutuma."

"Akiuliza nani kanituma?"

"Mwambie serikali."

Jumamosi hiyo ilikuwa fainali ya mtaa. Nilitoka nyumbani na begi, nikapungia mkono, nikakata kona, nikaenda uwanjani. Nilikaa benchi mpaka zikabaki dakika mbili. Kocha akaniingiza. Nikajifunga.

Sasa narudi nyumbani, mama ananingoja, mimi mkononi sina kitu. Ndani ya simu nilikuwa na picha za ziara ya shule, tulipopelekwa kuliona lile tembe la makumbusho Kwihara. Miembe mizuri, mstari mzuri. Tatizo ilikuwa kiangazi: nyasi za njano, vumbi mpaka kwenye majani. Na mvua hapa ilikuwa imenyesha mwezi mzima, hata bati la choo chetu limeota kijani. Nyasi za njano zingenichongea kabla sijafungua mdomo. Ndipo nikakumbuka kuna kitufe. Nikabonyeza. Njano ikafa, vumbi likafa, msimu ukafa. Nikajiona fundi. Mama nikamwambia picha inasafishwa studio, avute subira.

Nilipomletea, imechapwa kubwa na ina fremu, alifuta mikono kwenye khanga, akaipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto mchanga. Akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Nilisikia anapumua.

"Mti wa mwisho," akasema. Kidole chake kikagusa mwembe wa Kwihara, mwembe ambao maishani mwake hajawahi kuusogelea. "Huu ndio baba alikuwa anatundika mzinga. Mbona mzinga hauonekani?"

"Uko upande wa pili, mama."

"Na kisima?"

"Kimefichwa na majani."

"Masele umemwona?"

"Hakuwepo."

Ukidanganya kwa picha, mdogo wangu, picha yenyewe haitasema neno. Utasema wewe kwa niaba yake, kila ikiulizwa. Mama akaitundika sebuleni, juu ya redio. Akipita asubuhi kwenda sokoni anaigusa fremu kwa kidole kimoja, kidogo tu. Mimi nikaanza kupitia mlango wa nyuma.

Sasa niwape habari za bosi wangu. Mzee Sudi, ambaye mimi namwita babu, alikuwa na studio ya chumba kimoja hapa Isevya: pazia la bluu la picha za pasipoti, kiti kinacholia ukikikalia, mashine ya kuchapa, na kabati ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulifungua isipokuwa mende. Enzi zake alipiga kwa filamu na kusafisha picha gizani kwa dawa. Nilipomjua mimi, mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, ndiyo maana alinihitaji. Kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kubeba begi la kamera, nami nikalalamika.

"Mnyamwezi gani wewe!" akasema. "Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani. Wewe begi hili linakushinda?"

"Walibeba kwa ujira, babu. Mimi unanilipa chapati."

"Nao walianza na chapati."

Somo lake la kwanza halikuwa na kamera. Alinikalisha nje ya mlango, akaniambia nikunje macho mpaka kope zikaribie kugusana, nitazame mtaa.

"Unaona nini?"

"Mwanga na kivuli, babu. Vitu vinakwenda."

"Ile pikipiki ina rangi gani?"

"Sijui."

"Vizuri. Leo umeanza kazi."

Hilo chukueni, ni bure. Kabla hujapiga picha ya nchi yoyote, iwe kilima, shamba au reli ya Kaliua, kunja macho. Rangi inalegea, umbo linabaki. Likibaki umbo, itoe rangi, picha itasimama. Ukikunja macho ukaona uji mtupu, basi ulichokipenda ni rangi. Piga kwa rangi na usijitese, hakuna dhambi.

La pili ni saa. Jua letu la saa sita linapiga utosini, kivuli kinaingia chini ya mti kinajikunyata huko. Wewe nenda kapige soga. Rudi saa kumi na moja, kivuli kimejinyoosha kama mtu aliyetoka usingizini. Picha isiyo na rangi inakula kivuli. Usipoilisha inakufa, na itakufa mikononi mwako huku watu wanakuuliza, "Sasa hapa tunatazama nini?"

La tatu mliepuke kabisa. Kwa kiherehere changu, wiki hiyohiyo niliyofundishwa kukunja macho nilipiga harusi nzima kanisani kwa Wamoraviani bila rangi, nikachapa, nikapeleka. Kesho yake mama wa bibi harusi akaingia studio na kitenge begani.

"Kijana, sare hii tumezunguka soko zima kuitafuta. Iko wapi kwenye picha?"

"Ndiyo hii, mama. Hii ya kijivu."

"Kijivu? Mwanangu ameolewa au amezikwa?"

Bahati yangu, kamera ilikuwa imehifadhi na rangi zake. Babu alichapa upya usiku na mchana bila kunisemesha, akaja kunisemesha siku ya tatu: "Watu wanaofurahi waachie rangi zao."

Na kioo sasa. Udongo wetu mwekundu na majani ya kijani, machoni vinagombana, lakini ukivitoa rangi hivihivi vinapatana ghafla na kuwa kijivu kimoja, huoni mwisho wa kimoja na mwanzo wa kingine. Kioo chekundu kinaviachanisha. Ukikishika mbele ya lenzi, chochote chenye wekundu ndani yake kinang'aa, kijani kinazama, anga la bluu linakuwa zito na mawingu yanajitokeza kama sufi. "Mwekundu anamkaribisha ndugu yake," babu alisema, "wengine anawaambia ngojeni nje." Kila nikikitumia namsikia.

Basi. Alasiri moja mama akaja studio na chupa ya asali, ile nyeusi nzito ya msituni, ambayo sisi nyumbani tunaonjeshwa kwa ncha ya kijiko. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la bluu napanga taa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Shija. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kushukuru. Kazi uliyomfundisha mwanangu imenifikisha kwetu. Miaka kumi na miwili, mzee, nimefika nikiwa nimekaa kwenye kiti."

"Kwenu ndiko wapi, mama?"

"Hapa tu, kabla ya Urambo."

Ile picha babu ndiye aliyeichapa, na miembe ya Kwihara anaijua mmoja mmoja, kama shehe anavyowajua waumini wa safu ya mbele. Chini ya pazia niliviona viatu vyake. Havikusogea.

"Haya, mama," akasema mwishowe. "Asante sana."

Mama alipokwenda, pazia likafunguliwa.

"Mjukuu."

"Naam, babu."

"Asali hii siwezi kuila." Akaiweka juu ya kabati, mbali. "Mimi nimetoa rangi miaka yangu yote ili kitu kikose pa kujificha. Wewe umeitoa ili ujifiche wewe."

Nilitafuta kichekesho, sikukipata. Wanaonijua wanajua jambo hilo halijawahi kutokea.

"Nitamwambia mama leo."

"Utamwambia nini? Kwamba kwao ulikompa si kwao? Ukimnyang'anya hapo, atabaki na nini?" Akavua kamera shingoni, akanivisha. Ilikuwa bado ina joto lake. "Nenda kwanza. Rudi na kitu mkononi, ndipo useme." Akafungua kabati lile, akatoa ile soksi ya kioo, akanitilia mfukoni.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi kweli. Niliteremka kabla ya Urambo, pikipiki ikanifikisha. Mjomba Masele nilimkuta mbele ya bani anapanga kuni. Nilikuwa na miaka mitatu mara ya mwisho aliponiona.

"Mwangaluka, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ni wa dada yangu Kabula?"

"Ndiyo, mjomba."

"Kakutuma?"

"Hapana. Nimetumwa na serikali."

Akanitazama. "Tangu lini serikali ina paji la uso la baba yangu?"

Akaniletea kigoda.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Na mdomo wake?"

"Nao haujambo, mjomba."

Alianza kucheka, akaishia kukohoa. Nikageuka kuitazama miembe. Nyumba ya babu, baba yake mama, haikuwepo, hata msingi. Miembe sita ilikuwa imelala, mingine imeshapasuliwa, visiki vibichi vinatoa maji. Mmoja tu ulikuwa umesimama, mwisho kabisa wa mstari.

"Na huo, mjomba?"

"Shoka lilikwisha makali."

Shoka lilikuwa limeegemea bani, linang'aa kama kioo cha kinyozi.

"Mjomba, mbona hilo lina makali?"

"Umekuja kupiga picha au kukagua zana?" Akainama, akapanga upya kuni alizokwisha kuzipanga. Kisha akasema, hanitazami, "Baba alikuwa anatundika mzinga pale. Lakini mama yako usimwambie kwamba nimeuacha."

"Kwa nini?"

"Atadhani namwita."

Kwa hiyo, wadogo zangu, hali yangu ilikuwa hivi. Mama anangoja kuitwa. Mjomba anaogopa kuonekana anaita. Mwembe umesimama katikati yao, na mimi nimefungwa mdomo. Kilichobaki ni kamera.

Nikapiga kwanza kwa rangi, jua bado liko juu, kwa pupa tu. Nikatazama. Lo! Tumbaku imefika kiunoni, kijani kibichi, turubai la bluu juu ya bani, ndoo ya njano, mnara wa simu mwekundu na mweupe kule mbali. Picha ya kalenda, unaitundika benki. Nikautafuta mwembe, sikuuona. Ulikuwepo, lakini ulikuwa kijani juu ya kijani mbele ya kijani cha msitu. Visiki navyo vilikuwa na rangi ya udongo, vimelala ndani yake. Picha ilikuwa inasema tumbaku imestawi. Ni kweli ilistawi, mjomba si mvivu. Lakini hakuna aliyenituma tumbaku.

Nikakunja macho. Ndoo ikaondoka. Turubai likaondoka. Yakabaki madoa sita kwa mstari, na mwishoni kitu kirefu kilichosimama peke yake.

Nikangoja saa. Mjomba akaleta mahindi ya kuchoma, tukala. Jua liliposhuka ubavuni nikaona jambo ambalo mchana halikuwepo: katikati ya matuta, sambamba na visiki, kulikuwa na bonde jembamba, refu, limejaa kivuli. Ilikuwa njia yenyewe. Miguu ya watu wale wote iliikanyaga mpaka ardhi ikabonyea, na jembe la mjomba, msimu baada ya msimu, lilikuwa bado halijaifuta. Nikasikia kitu kifuani ambacho sikukijua jina, mimi niliyezaliwa Isevya, ambaye kwa mahali pale nilikuwa sijawahi kuumia hata siku moja. Nilikuwa nawakumbuka watu nisiowajua. Nilimkumbuka na mama, mama akiwa mdogo, ambaye naye sikuwahi kumjua.

Nikalala kifudifudi kati ya matuta ili mwembe upande juu ya msitu uingie angani. Tope likanipaka shati. Nikaizima rangi kwenye kamera, kioo kwa mkono wa kushoto mbele ya lenzi. Visiki vikang'aa, vyeupe, kama vimewashwa kwa ndani. Tumbaku ikazama. Lakini anga nyuma ya mwembe lilikuwa zito, na mwembe mzito, vikashikana. Nikangoja.

"Sasa unangoja nini?" mjomba akauliza juu ya kichwa changu.

"Wingu."

"Mvua?"

"Hapana, mjomba. Wingu lipite nyuma ya mti."

Akachuchumaa kando yangu. "Kabula naye alikuwa hivihivi. Unamtuma maji, unamkuta amekaa njiani anangoja kitu anachokijua mwenyewe. Nilikuwa namchapa." Akang'oa gugu kwenye tuta. "Hakukimbia, alikuwa anangoja tu."

Wingu likaja polepole, jeupe, likasimama nyuma ya mwembe. Kila tawi likaonekana. Nikabonyeza mara moja. Babu Sudi alisema mtu anayebonyeza mara ishirini hajui anachokitaka. Siku ile nilikijua.

Nililala huko, nikarudi na basi la kwanza. Babu alichapa picha ile mwenyewe, akaishika mbali, akaileta karibu, akaishika mbali tena. Hakunisifu. Alishusha chupa ya asali kutoka juu ya kabati, akaanza kutafuta kijiko.

Miezi kadhaa baadaye ndipo mikono ilipomshinda kabisa. Tulimsindikiza stesheni, treni ya Kigoma, kamera ameifunga kwenye kikoi, kioo ameniachia. Hakusema neno la kukumbukwa, aliuliza tu kama chapati zimefungwa vizuri. Studio sasa wanauza vocha. Rangi ya ukuta wameweka ya machungwa, inapiga kelele mpaka ng'ambo ya barabara. Nikipita hapo nakunja macho. Machungwa inalegea, mlango unabaki, na kwa dakika moja hivi naweza kudhani yumo ndani.

Lakini turudi siku ile, kwa mama. Nilimkuta uani, ameinamia ndoo ya asali. Nilikuwa nimeshika picha mgongoni.

"Mama, ile ya sebuleni si kwenu. Ni Kwihara. Siku ile sikwenda."

Akaweka mwiko chini. "Ulikuwa wapi?"

"Mpirani."

"Mlishinda?"

"Tulifungwa. Mimi ndiye niliyejifunga."

"Afadhali," akasema, na sauti ilikuwa ndogo kuliko ninavyoijua. Alitazama mlango wa sebule, hakuingia. Nilitamani anichape. Angenichapa ingekuwa nafuu.

Nikampa hii nyingine. Safari hii hakufuta mikono, aliishika kwa vidole vyenye asali. Alianza kuhesabu visiki kwa kidole, kimoja kimoja, hatamki. Kwenye kila kimoja alikaa kidogo, na mimi nilikuwa nahesabu pamoja naye moyoni, natamani vipungue. Kwenye lile bonde la kivuli alipita kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho, taratibu, kama anatembea. Kisha akafika kwenye mwembe uliosimama.

"Na huu?"

Nilikuwa nimekatazwa kusema.

"Shija. Nasema huu, kwa nini haujakatwa?"

"Mjomba anasema shoka lilikwisha makali."

"Masele?" Akainua uso. "Masele ananoa shoka kabla ya kunawa uso."

Akarudisha macho kwenye picha. Nyuki wawili watatu walikuwa wanazunguka ndoo, akawaacha wazunguke. Aliisogeza picha, akaipindua kidogo, akainamisha kichwa kama anayetaka kuchungulia nyuma ya mti. Nikajua sasa analia, nikajiandaa. Hakulia. Alinitazama kwa lile jicho la sokoni, jicho la mtu aliyepunjwa kipimo, na haya ndiyo maneno yake, sijaongeza wala sijapunguza:

"Umesimama upande wa uani, wewe. Kwetu kunatazamwa kutoka mlangoni. Jumamosi tunakwenda wote nikakuoneshe pa kusimama. Na mjomba wako akiuliza, mwambie mimi sikuitwa na mtu, nimemsindikiza mpiga picha."